Gauni Lililotoka Nyumbani Buluu

Nimefua nguo za watu miaka mingi, na ninachojua ni kwamba mtu akikuambia nguo yake imechujuka, hataki kujua rangi imekwenda wapi. Anatafuta wa kumlaumu. Mara nyingi wa kumlaumu alikuwa mimi.

Katikati ya miaka ya hamsini nilikuwa dobi katika nyumba ya Wazungu wawili kwenye shamba la mkonge, nje kidogo ya Voi. Bwana alikuwa Mhispania, fundi mkuu wa ile mashine ya kukwangua mkonge. Memsahib alikuwa Mwingereza, na kazi yake ilikuwa kuwa Mwingereza. Sijui walikutana wapi, wala sikuuliza. Walipendana, nadhani. Ila katika suala la nguo hawakupatana hata siku moja.

Na Voi si mahali pa kuweka nguo nyeupe. Udongo wa kule ni mwekundu, vumbi lake haliombi ruhusa. Ndovu wenyewe ni wekundu. Unaanika shuka asubuhi, na ukizubaa kidogo unaanua kitu chenye rangi ya chai. Hata hivyo memsahib alitaka nyeupe, tena ile nyeupe ya kwao, kwenye mvua kila siku na nyasi za kuanikia. Nilimpa nyeupe kwa sabuni ya mche, magadi, na kile kifurushi kidogo cha buluu ya kufulia, inayoficha umanjano, nilichokichovya katika maji ya mwisho. Yeye hakujua kwamba shuka zake zilikuwa nyeupe kwa sababu ya buluu. Nilipomwambia hakuamini, akanitazama kama mwizi.

Siku moja bwana alitupa kitambaa chake chekundu cha shingoni ndani ya karai la shuka. Alikitupa mwenyewe, nilimwona. Shuka zikatoka na rangi ya ufizi.

"Wewe nasema, dobi," memsahib akasema, ameinua shuka kwa vidole viwili. "Hii nini?"

"Imeingia rangi, memsahib."

"Desteñir," bwana akadakia kutoka barazani. "Hii kitambaa nadesteñir. Natoa rangi yake, napea jirani."

"Hapana. Kitambaa nafade tu. Jua nakula."

"Jua nakula kitambaa, halafu natapika juu ya shuka?"

Nilikuwa nimeshika pasi ya makaa, nikainama ili wasione ninavyocheka. Wakaendelea hivyo hadi chakula cha mchana, kila mmoja akirusha maneno ya kwao, na mimi nikageuzwa hakimu. Ndivyo nilivyojifunza lugha zao, kwa kupiga pasi barazani huku nimefunga mdomo.

Memsahib alikuwa na maneno mawili makubwa. La kwanza ni "fade". Hilo lilimfaa sana kwa sababu halina mtenda. Nguo inafade yenyewe, polepole, hakuna mtu aliyekuwapo. La pili ni "bleach", na hilo lina mkono wa mtu ndani yake: umekusudia, umetia dawa, umeing'arisha. Kitu chake kikiharibika, kilikuwa kimefade. Mimi nikikigusa, basi nimekibleach. Bwana naye alikuwa na "blanquear", ambalo ni kufanya kitu kiwe cheupe hata kama ni ukuta wa choo, na "descolorido", yaani kilichopotewa na rangi, jina alilokipa kila kitu alichokichoka, pamoja na supu ya mke wake. Lakini neno alilolipenda ni hilo la desteñir. Alinieleza, kwa Kiswahili chake cha kupasua kuni, kwamba ni nguo inayoachia rangi yake na kumpaka mwenziwe. Nikamwambia sisi tunalo, tunasema nguo inachuja. Ikishachuja mpaka basi, imechujuka. Na mtu asiyejipaka mafuta, tunamwambia amepauka.

"Mimi napauka?" akaniuliza.

"Hapana, bwana. Wewe unaiva."

Ukutani kwao kulikuwa na picha ya malkia, yule malkia kijana, imetundikwa palipopigwa na jua la jioni. Baada ya miaka michache mashavu yalikuwa yamekuwa ya kijani na nguo yake ya heshima imepauka kabisa. Bwana alisema malkia ni descolorida. Memsahib alisema mwanga wa chumba ni mbaya. Malkia hafade.

Sasa nieleze kilichonitoa jasho. Nilikuwa na mchumba, msichana wa huko kwetu milimani, karibu na Wundanyi, aliyekuwa akiteremka na lori la mboga kuuza kabichi Voi kila Jumatano. Nilinunua kabichi nyingi kuliko mwanamume asiye na mke anavyoweza kula. Ulimi wake ulikuwa mkali, na nilimpenda hadi nikaona aibu. Tulikubaliana kuoana kanisani kwao mwezi wa nane, na memsahib, kwa wema uliomfurahisha yeye zaidi ya mtu mwingine, akasema angemwazima bibi harusi gauni lake mwenyewe la harusi.

Akalitoa sandukuni. Lilikuwa limegeuka manjano kama meno ya mvuta tumbaku.

"Kidogo nafade," akasema.

Halikuwa limefade. Lilikuwa limeongeza rangi, si kupunguza, lakini nani anabishana na mkopeshaji? Sharti lake lilikuwa moja: gauni lirudi jeupe. Nikalifanyia kazi wiki mbili. Nililiosha kwa ndimu na chumvi, nikalianika ndani ya foronya mbili zilizoshonwa pamoja ili vumbi lisilione, nikalisuuza, nikalirudisha juani tena. Mwishowe likawa jeupe hata mimi mwenyewe nikalitazama mara mbili. Sijawahi kufua kitu kama kile kabla wala baada.

Huko milimani, wakati huohuo, mambo yalikuwa yanachemka. Kanisa letu lilikuwa na desturi kwamba bibi harusi mwenye mimba havai nyeupe wala shela, na kengele haipigwi. Wa kupeleleza alikuwa mama mkuu wa kina mama wa kanisa, mwanamke mpana, msafi, aliyetembea kama mtu aliyebeba funguo za mbinguni kiunoni. Hakuwa na haja ya kuuliza wala kugusa mtu. Alikuwa na yai. Kila mchumba alialikwa kwake kunywa chai, na pembeni ya kikombe aliwekewa yai la kuchemsha, limemenywa, la moto, linanuka. Mama mkuu alikaa mkabala akitazama. Ukilila unatabasamu, umevuka. Mchumba wangu alilitazama yai, yai likamtazama, kisha akatoka mbio kwenda kutapika kwenye migomba.

Jumapili iliyofuata tuliitwa mbele ya wazee wa kanisa, baada ya ibada. Mimi nilikuwa nimepanda kutoka Voi kwa ajili hiyo. Walimkalisha kiti cha peke yake katikati. Wakamuuliza tangu lini, wapi, kwa nini, na kama mama yake alimfunza lolote. Alijibu yote bila kuinamisha kichwa. Kisha mzee mmoja akakumbuka kwamba na mimi nipo, akanigeukia, akaniuliza swali moja tu: je, bwana harusi ana shati jeupe?

Nikasema ninalo.

Hilo ndilo jibu pekee nililolitoa siku ile. Nimelirudia kichwani maisha yangu yote na bado linaniunguza. Mimba ile haikupandwa na upepo. Lakini hakuna aliyenipikia yai, na mimi sikuliomba. Wazee wakaamua: harusi itafanyika Jumamosi, bila kengele wala shela, na bibi harusi atoke nyumbani kwao amevaa gauni la rangi. Nikawashukuru! Nikapanda lori nikarudi Voi.

Jumatano akateremka na kabichi zake kama kawaida, akaja moja kwa moja hadi nyuma ya nyumba nilikofulia. Gauni lilikuwa limening'inia kwenye kamba. Alisimama mbele yake muda mrefu.

"Umelifua vizuri," akasema. "Sasa nitavaa nini?"

"Lile lako la sokoni si la rangi?"

Lile la sokoni alikuwa amelivaa. Lilikuwa na maua zamani. Kwapani ungeweza kuyahesabu, kwingine yalikuwa yamebaki habari tu.

"Hili?" akasema. "Wamesema lisiwe jeupe. Hawakusema liwe kuukuu. Nikiingia na hili wataniona vilevile walivyotaka kuniona, na mimi siingii. Unasikia, dobi? Siingii. Na kasisi Jumatatu anakwenda pwani hadi mwezi wa kumi na moja. Mtoto atatutangulia kanisani, na kwenye kitabu cha ubatizo wataandika jina la mama peke yake, kwenye baba wapige mstari. Kama unaupenda huo mstari, niambie sasa, kabichi zinaharibika."

Sikuupenda. Niliogopa mstari ule kuliko nilivyowahi kuogopa kitu, na nilimwambia hivyo. Lakini kitambaa kipya kilihitaji fundi, na mafundi wa cherehani wa Voi walikuwa na kazi za wiki tatu mbele yao.

"Wewe si kazi yako ni rangi?" akasema. "Litie rangi hili."

"Sharti lirudi jeupe."

"Basi litie rangi inayotoka. Au huko ulikosomea udobi walikufundisha kutoa tu?"

Akaenda zake sokoni. Nikabaki nakitazama kifurushi cha buluu kwenye ukingo wa karai, nacho kama kinanitazama. Nilikuwa nimekitumia miaka sita kuwadanganya watu kwamba nguo ni nyeupe. Alhamisi, memsahib alipolala baada ya chakula, nikayeyusha vifurushi saba kwenye maji ya karai moja, nikatia kanji ili rangi ishike, nikalizamisha gauni. Lilitoka buluu ya anga la Voi, isiyo na wingu hata moja. Kwenye mikunjo ilikoza zaidi, nami nikajiambia ndiyo mitindo. Kwa hiyo dawa ileile ya kung'arisha nyeupe ndiyo iliyonisaidia kutii amri ya kanisa dhidi ya nyeupe. Nilijiona mjanja kupita sungura.

Bwana akanikuta nalipiga pasi. Nikamweleza kila kitu, kwa sababu alikuwa mtu wa kuelezeka, naye akaapa hatamwambia mke wake. Alilowesha kidole kwa ulimi, akaligusa gauni, akanionyesha kidole. Kilikuwa buluu.

"Desteñir," akasema kwa huzuni. "Kule juu iko mvua?"

Nikacheka. "Mwezi wa nane hakuna mvua, bwana."

"Iko ukungu?"

"Ukungu si mvua."

"Rangi hapana uliza kama ni mvua," akasema, akaenda kunitafutia shati lake jeupe, maana hata lile nililowaambia wazee kwamba ninalo, sikuwa nalo.

Hapa ndipo pa kunicheka, na waliokuwapo wamenicheka vya kutosha. Mimi nilizaliwa milimani. Nililala utoto wangu wote chini ya blanketi lenye unyevu. Nilijua kwamba mwezi wa nane kule juu kunapambazuka kama ndani ya sufuria ya uji, na kwamba ukungu wetu hauanguki bali unakaa, unaingia kolani, unadondoka kwenye kope. Lakini miaka sita ya Voi ilikuwa imenichuja. Nilikuwa nimegeuka mtu wa tambarare, anayedhani maji ni kitu kinachotoka kwenye debe.

Jumamosi tuliondoka kwao saa mbili asubuhi kwa miguu. Kanisa lilikuwa juu ya mlima wa pili, na katikati kulikuwa na bonde na kijito. Alitoka nje ya mlango wa mama yake amevaa buluu ile. Hata shangazi zake waliokuja kwa ajili ya kumsema walimpisha njia. Majirani wote walimwona. Hili ni muhimu, kwa hiyo nalirudia: walimwona ametoka nyumbani na rangi.

Hatukuonana tena vizuri hadi ng'ambo ya bonde, kwa vile ukungu ulikuwa mzito na wanawake walimzunguka wakiimba. Mimi nilikuwa mbele na wanaume. Nilihisi shati likinigandama mgongoni, nikafikiri ni wasiwasi. Tulipofika kwenye nyasi za kanisa nikageuka. Mabega yalikuwa meupe. Kifua kilikuwa cheupe. Buluu ilikuwa inateremka kwa michirizi hadi kiunoni, ikikusanyika kwenye pindo, ikidondoka kwenye viatu vyake. Kila hatua aliyopiga kuelekea mlangoni alizidi kuwa mweupe. Mikono yake ilikuwa buluu hadi kwenye vifundo kwa kulishikilia pindo.

Mama mkuu alikuwa amesimama mlangoni na mwavuli. Maneno yao nayaandika kwa Kiswahili, lakini walisemezana kwa Kidawida, lugha ya kwetu milimani, ambacho kwa kusuta ni kikali zaidi.

"Tulisema nini?" akauliza.

"Mlisema nitoke nyumbani na rangi, mama," akajibu. "Nimetoka nayo. Waulize hawa. Na kama mnataka kujua imekwenda wapi, muulizeni aliyeninyeshea njiani."

Mtu nyuma akacheka, akajifanya anakohoa. Mama mkuu akatazama juu, kana kwamba kweli angeuliza, kisha akamtazama kasisi. Kasisi alikuwa mzee, baridi inamwingia kwenye magoti, na Jumatatu alikuwa na treni ya kupanda. Akatazama gauni, akatazama mbingu, akasema neno la wazee limetimizwa tangu mlangoni kwao, na kwamba mengine yalikuwa nje ya kikao. Akasema tuingie ndani, kuna baridi.

Mchumba wangu akanishika mkono wa kushoto. Alinishika kwa nguvu, na hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa ameogopa muda wote. Alipolegeza vidole, kwenye shati jeupe la bwana, juu kidogo ya kiwiko, kulikuwa na kiganja kizima cha buluu, na vidole vyake vyote.

Mama mkuu hakuwa amemaliza.

"Na huyu bwana harusi," akasema, "mbona ana doa?"

"Ah," mchumba wangu akasema. "Leo ndiyo mara ya kwanza mtu kumtazama."

Tukaingia. Kengele haikupigwa. Kwenye kitabu cha ubatizo, miezi minne baadaye, mtoto wetu aliandikwa na majina mawili juu yake, la mama na la baba, bila mstari. Gauni nililisuuza mara mbili tu likawa kama lilivyokuwa kabla ya buluu, tena jeupe zaidi. Memsahib alilishika mbele ya dirisha akalikagua pindo hadi pindo.

"Umeona?" akamwambia mume wake. "Hapana fade hata kidogo."

Bwana akanitazama, akainama kwenye supu yake.

Lililobaki ni shati, ambalo bwana aliniachia. Jumatatu ile nilipolitia kwenye karai, mke wangu akalitoa likiwa halijalowa vizuri. Akasema yeye amekaguliwa na yai, na kiti cha katikati, na mwavuli, na hilo doa langu liachwe lilivyo. Likatundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, miaka na miaka. Vumbi lilipita juu yake, na jua la dirishani, na kiganja kile kikapungua taratibu hata kidole cha mwisho hakikuonekana tena. Hapo nadhani neno la memsahib lingefaa, maana hakuna aliyeligusa.

Siku hizi, wageni wakija, huwasimulia kisa hiki. Nimekisimulia mara nyingi kiasi kwamba kimenyooka, na katika usimulizi wangu mimi ndiye niliyemjibu mama mkuu pale mlangoni. Nasimama mbele ya bibi harusi, natoa sauti, nasema mimba ni yangu na aulizwe mimi. Wageni hupenda sana mahali hapo. Mke wangu huniacha nimalize, hamwagi hata chai. Halafu hunyoosha kidole akaligusa shati nililolivaa, lolote lile, juu kidogo ya kiwiko cha kushoto.